Rafu za Vitabu Zinalindwa, Watoto Wanaachwa



Kwa muda sasa, katika mikutano ya wazazi, katika mahubiri na hata katika vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, limekuwa likizuka neno moja: kwamba kuna vitabu vya picha kutoka ng'ambo vinavyowafundisha vijana wetu mapenzi ya jinsia moja, na kwamba dawa yake ni kuvikusanya, kuvipiga marufuku na, kwa wengine, kuvitia moto. Neno hili husemwa kwa sauti kubwa. Mara nyingi husemwa na watu ambao hawajafungua hata kitabu kimoja kati ya hivyo.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani hatukusudii kuvitetea vitabu vyote, wala kuvilaani vyote. Kazi tuliyopewa na Kanisa ni kutetea haki, na haki huanza na ukweli. Kwa hiyo tunasema wazi: anayelinda rafu ya vitabu huku akimwacha mtoto hajalinda kitu. Na anayemwadhibu mtoto kwa ajili ya swali alilonalo moyoni anamkosea Mungu aliyemwumba mtoto huyo.

1. VITABU VYENYEWE NI VIPI?

Vitabu vinavyozungumzwa huitwa riwaya za picha. Ni hadithi ndefu inayosimuliwa kwa michoro, na maneno machache ndani yake. Wazazi wa leo hawana sababu ya kuishangaa sanaa hii. Wengi wao walijifunza kupenda kusoma kwa kupokezana gazeti la Sani chini ya dawati. Huko Marekani na Uingereza sanaa hii imekua sana katika miaka hii ya karibuni, na sasa ina sehemu yake katika maktaba za shule. Miongoni mwa riwaya hizo zimo zinazosimulia habari za kijana anayebalehe na kugundua kwamba moyo wake unavutwa na watu wa jinsia yake.

Vitabu hivyo havilingani. *Drama*, cha Raina Telgemeier, kilichotoka mwaka 2012, ni hadithi ya wanafunzi wanaoandaa mchezo wa kuigiza shuleni. *Heartstopper*, cha Alice Oseman wa Uingereza, kilianza kutolewa katika intaneti mwaka 2016. Kinawahusu wavulana wawili wa shule ya wavulana, na mmoja wao ameonewa vibaya na wenzake kabla ya hadithi kuanza. *Gender Queer*, cha Maia Kobabe, cha mwaka 2019, ni kumbukumbu ya maisha ya mwandishi mwenyewe. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na mwaka 2020 kilipata tuzo ya wakutubi wa Marekani itolewayo kwa vitabu vya watu wazima vinavyoweza kuwavutia vijana. Zimo ndani yake kurasa chache zenye michoro ya matendo ya kimwili. Mzazi anayesema kwamba kurasa hizo hazimfai mtoto wa miaka 12 si mjinga wala si mkatili. Anasema kweli.

Lakini kipo kimoja tunachopenda kukieleza kwa urefu zaidi, kwa maana kinatuhusu sisi Wakatoliki. Ni *Flamer*, cha Mike Curato, kilichotoka mwaka 2020. Mhusika wake ni Aiden Navarro, mtoto wa miaka 14, Mmarekani mwenye asili ya Ufilipino, Mkatoliki. Ni mwaka 1995, naye yuko katika kambi ya maskauti wakati wa likizo, kabla ya kuanza shule ya sekondari. Wenzake wanamcheka kwa unene wake, kwa sura yake, kwa sauti yake na mwendo wake. Anaanza kutambua kinachotokea moyoni mwake, naye anaogopa kwamba Mungu amemkataa. Usiku mmoja anaingia peke yake katika kikanisa cha kambi akiwa na nia ya kuyakatisha maisha yake. Hakuyakatisha. Anatoka humo akiwa hai, na ameamua kuishi. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba hadithi hiyo inatokana na ujana wake.

Tunawauliza wanaotaka kitabu hicho kichomwe: je, ni kitabu hicho kilichompeleka mtoto yule kikanisani usiku ule? Alipelekwa na kejeli za wenzake, na hofu ya Mungu iliyopandwa ndani yake bila kupandwa kwanza upendo wa Mungu. Mchungaji anayekisoma kitabu hicho hawezi kuishia kuuliza ni nani aliyekileta. Imempasa aulize pia: usiku ule, wachungaji walikuwa wapi?

2. YALIYOTENDEKA

Tuangalie sasa jinsi wakubwa walivyoitikia.

Huko Marekani, katika orodha inayotolewa kila mwaka na Chama cha Maktaba cha nchi hiyo, *Gender Queer* kilikuwa cha kwanza miongoni mwa vitabu vilivyotakiwa kuondolewa kwa miaka mitatu mfululizo: 2021, 2022 na 2023. *Flamer*, kitabu cha mtoto yule wa kikanisani, kilikuwamo katika orodha ya mwaka 2022 na ya mwaka 2023. Mwezi Desemba 2023, katika jimbo la Massachusetts, askari polisi aliingia katika darasa la shule akitafuta *Gender Queer* baada ya kupokea malalamiko. Polisi kutafuta kitabu darasani! Je, hapakuwa na mzazi na mwalimu wa kuketi na kulizungumza jambo hilo?

Huko Hungaria, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilidai kwamba vitabu vya vijana vyenye habari za namna hii viuzwe vikiwa vimefungwa ndani ya karatasi au nailoni. Julai 2023 kampuni moja ya maduka ya vitabu ilitozwa faini ya forinti milioni 12 kwa kuuza *Heartstopper* bila kukifunga. Tena kanuni za nchi hiyo zilikataza vitabu hivyo visiuzwe ndani ya mita 200 kutoka shule au kanisa.

Ndugu zetu, neno hilo tunalikataa kwa jina la Kanisa wanalodai kulilinda. Kanisa lililosimama mbele ya makaisari wa Roma, Kanisa la Mashahidi wa Uganda, ambao wengi wao walikuwa vijana, linahitaji mita 200 za kujikinga na kitabu cha katuni? Imani inayoweza kuvunjwa na picha iliyo dukani ng'ambo ya barabara haikupandwa vizuri. Kuipanda vizuri ni kazi yetu, si kazi ya polisi wala ya nailoni.

Na hapa nyumbani Tanzania, Februari 2023, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuvipiga marufuku vitabu 16 katika shule na maktaba za shule, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume cha mila na desturi zetu. Vingi vyake vilikuwa vya mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid* wa Jeff Kinney, hadithi ya katuni ya mtoto mvivu na mjanja wa shule pamoja na vituko vyake. Anayeijua hadithi hiyo anajua kwamba si riwaya ya mapenzi ya jinsia moja. Hatukatai kwamba Serikali ina haki na wajibu wa kusimamia vitabu vya shule. Tunauliza jambo jingine. Vitabu vilipoondolewa, ni wazazi wangapi walioketi na watoto wao wakawauliza walikuwa wanatafuta nini ndani yake? Kitabu kimetoka katika mkoba. Simu imebaki mfukoni. Na ndani ya simu kuna mambo ambayo hakuna mchoraji wa riwaya za vijana angethubutu kuyachora.

3. KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Wapo watakaosema: "Tume imeacha mafundisho." La hasha. Kanisa linafundisha kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke waliofunga ndoa, na kwamba kila Mkristo, kwa hali yake ya maisha, ameitwa kuishi usafi wa moyo. Fundisho hilo hatuliongezi wala hatulipunguzi. Lakini anayelishika upande mmoja na kuuacha wa pili hafundishi ukweli wote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2358, inaagiza kwamba watu wenye maelekeo hayo wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu, na kwamba iepukwe kila dalili ya kuwabagua isivyo haki. Mwaka 1986, Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu barua juu ya jambo hilihili. Barua hiyo ilikuwa kali kuhusu maadili. Barua hiyohiyo ililaani maneno na matendo ya ukatili dhidi ya watu hawa, ikasema kwamba wachungaji wanapaswa kuyalaani popote yanapotokea. Na Januari 2023, Papa Fransisko, akihojiwa na waandishi wa habari, alieleza kwamba kuwa na maelekeo hayo si kosa la jinai, akatofautisha waziwazi kati ya dhambi na jinai.

Kuhusu vitabu, Kanisa lina uzoefu mrefu kuliko serikali yoyote. Tangu mwaka 1559 lilikuwa na orodha yake ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1966, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitamka kwamba orodha hiyo haina tena nguvu ya sheria wala adhabu. Halikusema kwamba kila kitabu ni kizuri. Lilisema kwamba orodha ile bado inaikumbusha dhamiri ya mwamini kujihadhari na maandiko yanayohatarisha imani na maadili. Kazi ikahamishwa kutoka kwenye adhabu ikapewa dhamiri iliyolelewa. Hilo ni neno zito: dhamiri *iliyolelewa*. Kupiga marufuku ni kazi ya siku moja. Kulea dhamiri ni kazi ya miaka, na ndiyo kazi inayokimbiwa.

4. HAKI YA WAZAZI NI WAJIBU WA WAZAZI

Hatutawaacha wale wa upande wa pili pasipo neno. Wapo, hasa katika nchi za Magharibi, wanaosema kwamba mzazi anayeuliza kitabu gani kinasomwa na mwanawe ni adui wa uhuru. Hilo nalo ni uonevu. Tamko la Mtaguso juu ya malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Yohane Paulo II, katika *Familiaris Consortio* ya mwaka 1981, alifundisha kwamba malezi ya watoto kuhusu jinsia ni haki na wajibu wa msingi wa wazazi, nayo yatolewe chini ya uangalizi wao. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakubalia wazazi wa jimbo la Maryland, Waislamu na Wakristo waliosimama pamoja, haki ya kuwaondoa watoto wao darasani wakati vitabu vya hadithi vya aina hii, vile vya watoto wadogo, vinaposomwa. Sisi tunaiona hukumu hiyo kuwa ya haki.

Lakini tunawageukia wazazi wetu. Haki hiyo mmeidai; je, mnaitumia? Kumwondoa mtoto darasani ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumketisha nyumbani na kusema naye.

Zamani mababu zetu walilijua jambo hili. Kijana alikuwa na jando lake na mwari alikuwa na unyago wake. Walikuwapo kungwi na somo, babu na bibi, shangazi na mjomba, watu waliowekwa rasmi kulibeba swali la kijana. Hatusemi kila kilichofundishwa huko kilikuwa chema. Tunasema swali la kijana lilikuwa na mwenyewe. Leo mzazi anasema, "Mwalimu atamfundisha." Mwalimu anasema, "Hilo ni la dini, padre atalisema." Padre anasema, "Hilo ni la wazazi." Na mtoto, akiwa amezungushwa katika milango mitatu iliyofungwa, anakwenda kwenye mlango wa nne ulio wazi: kitabu kilichochorwa na mtu asiyemjua, au simu. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu umeanza kufundisha, nasi tunaukasirikia kwa kuifanya kazi tuliyoikataa.

5. ANAYEUMIA NI NANI?

Jambo hili lingekuwa la vitabu tu, tusingeliandikia waraka. Lakini kelele juu ya vitabu haziishii kwenye vitabu.

Mwishoni mwa Desemba 2021, Waziri wa Elimu wa Kenya wa wakati ule, marehemu Profesa George Magoha, alisema hadharani kwamba wanafunzi wenye mwelekeo huu hawapaswi kukaa katika shule za bweni, na kwamba waende shule za kutwa zilizo karibu na kwao. Hebu tulipime neno hilo. Ni nani atakayewatambua wanafunzi hao? Kwa alama gani? Tunajua inavyokuwa: kwa mvulana, sauti nyembamba, kwa msichana, nywele fupi na kupenda mpira. Kwa barua iliyokutwa chini ya godoro. Kwa kitabu cha katuni kilichokutwa ndani ya sanduku. Ni uchunguzi uleule unaomtafuta mchawi kijijini kwa wekundu wa macho. Kanisa limewatetea akina bibi wanaouawa kwa wekundu wa macho. Litanyamazaje mtoto anapohukumiwa kwa wembamba wa sauti?

Na mtoto akifukuzwa shule, huenda wapi? Baba anayeogopa aibu humfunga mlango. Jirani humcheka. Mtaani wapo wanaomsubiri, na hao hawamsubiri kwa wema. Mtoto huyo alikuwa na swali tu; sasa hana elimu, hana nyumba na hana mtetezi. Wanaosema kwamba wanawalinda watoto watueleze: huyu si mtoto?

Tunawasikia wengi wakilitaja jiwe la kusagia lililo katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, litakalofungwa shingoni mwa anayewakosesha wadogo. Ni neno la Bwana, nasi tunaliogopa. Lakini tunawasihi wasome mbele kidogo, katika sura hiyohiyo. Yupo mchungaji anayewaacha kondoo 99 akaenda mlimani kumtafuta mmoja. Hamtafuti ili ampige kwa kupotea. Akimpata humfurahia. Mwenye kuikumbuka nusu ya kwanza ya sura ile na kuisahau ya pili amejifungia jiwe shingoni mwake mwenyewe.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, tusome kabla ya kuhukumu. Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima yote na kulishika lililo jema. Asiyepima hawezi kushika. Padre, katekista au mwalimu anayetaka kukisema kitabu, na akisome chote.

Pili, tupambanue umri na yaliyomo. Kitabu chenye michoro ya matendo ya kimwili hakiwekwi mbele ya mtoto wa darasa la tano, yawe ya jinsia moja au mbili. Kitabu kinachoeleza maumivu ya mtoto aliyeonewa ni jambo jingine, na mzazi anaweza kukisoma pamoja na kijana wake na kumwonyesha pale ambapo fundisho la Kanisa linatofautiana nacho.

Tatu, tufungue milango mitatu iliyofungwa. Kila parokia iwe na mtu mzima mwaminifu, mwanamume na mwanamke, waliofundwa kuwasikiliza vijana kwa siri na kwa uvumilivu, chini ya taratibu za ulinzi wa watoto. VIWAWA na vikundi vya Utoto Mtakatifu visiwe vya nyimbo na mashindano peke yake.

Nne, katika shule zetu asifukuzwe mtoto kwa tetesi, kwa sauti yake, kwa mwendo wake, wala kwa kitabu kilichokutwa kwake. Anayewaonea wenzake ndiye wa kurudiwa, hata kama anajidai kuwa mtetezi wa maadili.

Tano, wazazi wasifunge mlango. Mtoto anayesema neno gumu nyumbani amewapa wazazi wake heshima kubwa kuliko wanavyodhani. Wanaweza kulipinga neno lake. Wasimfukuze mwenye neno.

Bwana wetu mwenyewe, akiwa na miaka 12, aliwapotea wazazi wake kwa siku tatu. Walimkuta hekaluni, katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Walimu wale hawakumnyamazisha wala hawakumwita askari wa hekalu. Walistaajabu, wakajibizana naye. Nao wazazi wake walipomwona hawakuuliza kwanza alisoma nini. Walimwambia kwamba walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Tunawaombea watoto wetu wazazi wa namna hiyo, na walimu wa namna hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

(a) Katika jumuiya yetu, kijana mwenye swali juu ya mwili wake au juu ya moyo wake huenda kwa nani? Tumtaje mtu huyo kwa jina. Kama hayupo, tufanye nini?

(b) Je, tumewahi kusikia mwanafunzi akifukuzwa au kupigwa kwa tetesi za namna hii? Ni nani aliyesema kwa ajili yake?

(c) Ni kitabu gani ambacho sisi wazazi tumekisoma pamoja na watoto wetu mwaka huu?

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote, na iwe kwanza na wale wadogo wanaoogopa kuuliza.